Baba ana kidonda cha kisukari mguuni: atatawadhaje?

SWALI: Assalaam aleikum sheikh. Baba yangu ni mtu mzima, tunaishi Ngamiani, Tanga. Ana kisukari, na chini ya unyayo ana kidonda kisichopona. Nesi kamwambia kisiguse maji, lakini kila sala anafungua bendeji anaosha, anasema visigino vikavu ni vya motoni. Majirani nao wanasema kakanyaga kitu alichotegewa. Tufanyeje?

JIBU: Waaleikumu salaam warahmatullah. Mwanangu, mwambie mzee hadithi hiyo ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim, ila asiitoe mahali pake. Mtume (s.a.w.) aliposema "Ole wao visigino na Moto", aliwaona watu wazima wa afya wametawadha mbiombio, wakati wa Alasiri umewabana, visigino vimebaki vikavu. Hakuwa akisema na mgonjwa.

Inayomhusu mzee ni ile ya Jabir aliyoipokea Abu Daud. Mtu alipasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba, hali inayolazimu kuoga mwili mzima. Akauliza kama anaweza kutayamamu, yaani kujipaka udongo safi badala ya maji, wenzake wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume alikasirika sana: wamemuua, kwa nini wasiulize ikiwa hawajui?

Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mzee atawadhe kama kawaida. Akifika mguu wenye kidonda, aoshe sehemu nzima ambayo maji hayaidhuru, apake mkono wenye maji juu ya bendeji yote, kisha atayamamu uso na mikono kwa ajili ya pale palipofunikwa. Tayamamu hiyo airudie kwa kila sala ya fardhi. Kupaka huku si kama kupaka juu ya khofu, zile soksi za ngozi, kwenye mpaka wa usiku na mchana. Atapaka mpaka kidonda kipone. Na kama daktari amekataza hata unyevu wa mkono, tayamamu inamtosha kwa sehemu hiyo. Vizuri awe na udhu anapokwenda kufungwa kidonda, maana kwa Shafi bendeji iliyofungwa bila udhu inamlazimu kulipa sala. Asipojaliwa, wako maulamaa wasioweka sharti hilo, na kwa mzee kama huyu mimi nachukua kauli yao.

Ule mguu usio na kidonda ndio nauhofia zaidi. Sukari ikikaa juu muda mrefu huua fahamu za miguu, na damu haifiki sawasawa, ndiyo maana kidonda kidogo kinakaa miezi. Nimewaona wazee mchana wa Adhuhuri wanaacha kandambili mlangoni na kukanyaga saruji inayochoma mpaka bombani, wala hawashtuki. Wakirudi, malengelenge. Avae kandambili mpaka ukingo wa msala, na ndani avae soksi safi zisizobana. Mtume mwenyewe alisali na viatu vyake. Kupitisha vidole vya mkono kati ya vidole vya miguu ni sunna, lakini akimaliza apakaushe kwa kitambaa, hakuna karaha kwa mwenye haja. Maji ya moto ayapime mtu mwingine. Na wewe kila jioni mgeuze unyayo uutazame, na ukung'ute viatu kabla hajavaa, kijiwe kimoja kinatosha. Hiyo ni birri, kumtendea wema mzazi, usione haya.

Kuhusu kukanyaga kitu: msimpeleke kwa mtu wa kumchanja chale huo mguu, wala kumkanda kwa maji ya chumvi. Mpelekeni hospitali ya Bombo. Fatiha someni njiani.

Na madaktari wakisema kidole kikatwe, asikatae kwa kudhani anaharibu umbo la Mungu. Urwa bin Zubeir, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alikatwa mguu ulioanza kuoza, akabaki na subira yake. Kinachokatwa huviringishwa kitambaa na kuzikwa mahali safi, bila kusaliwa.

Sala alizosali kwa kufungua bendeji ni sahihi, asilipe hata moja. Wallahu aalam.