Kabla hujasema "ni huyu": ninavyotazama tamthilia za upelelezi siku hizi

Julai hapa Uyole, Mbeya, baridi inauma hadi kwenye mifupa, na saa mbili usiku kila mtu ameshajifungia ndani. Ndivyo mimi na wanangu tulivyoanza kuunga sizoni za upelelezi. Nikitoka kazini napitia Kabwe, kijana wa muvi ananijazia flashi, tunajifunika blanketi moja na kutazama hadi usiku wa manane. Nilizipenda na bado nazipenda. Lakini ziliwahi kunifanya nimnyooshee kidole mtu asiye na kosa, na ndiyo maana naandika.

Asubuhi moja nilikuta mtungi wangu wa gesi haupo kibarazani. Nyumba yetu ina wapangaji wanne, ua mmoja, bomba moja. Nikawaita wote nje, nikawauliza mmoja mmoja huku nikiwasoma macho. Kijana wa chumba cha mwisho alikuwa anatetemeka mikono na hanitazami usoni. "Usiku nilikuwa kazini, mama," akasema. Dakika chache baadaye akasema, "Sikusikia kitu, nilikuwa nimelala." Kauli mbili zinazopingana! Kwenye tamthilia hapo ndipo muziki unapobadilika. Nikasema kwa sauti, "Ni huyu."

Maneno mawili tu. Waliokuwa wanapita barabarani wakaingia, wawili, watano, kumi. Mmoja akaokota tofali. Kijana akajibanza ukutani kando ya ndoo za maji, anarudia "mama, mama", kana kwamba mimi ndiye wa kumwokoa. Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyepenya katikati, akamshika mkono na kuondoka naye hadi kwake. Magazetini tunasoma "wananchi wenye hasira kali" tukidhani ni watu wa mbali. Wale walikuwa majirani zangu, na aliyewaita ni mimi.

Kijana alihama. Wiki moja baadaye dereva wa Fuso akaja kumchukulia godoro, akanieleza. Usiku ule walikuwa Rungwe wakipakia parachichi. Mikono ilitetemeka kwa kubeba kreti hadi alfajiri. Huko kulala alikosema ni kulala ndani ya gari wakati wanarudi. Mtungi wenyewe haujapatikana hadi leo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usijifunze kwenye runinga kusoma sura za watu. Hofu na hatia vinafanana mno usoni. Ukiwa na nafasi ya kutazama moja tu, tafuta When They See Us ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Ava DuVernay. Ina sehemu nne. Inahusu vijana watano wa New York, wenye miaka 14 hadi 16, waliokamatwa mwaka 1989 baada ya mwanamke kushambuliwa bustanini. Walihojiwa saa nyingi mno, na wanne wakakiri mbele ya kamera. Vinasaba havikuoana na vya yeyote kati yao, wakafungwa hivyo hivyo. Hukumu zilifutwa mwaka 2002, baada ya mtu mwingine kukiri na vinasaba vyake kuoana. Kwenye chumba cha mahojiano nilisimamisha, nikatoka nje kwenye baridi. Nilikuwa namwona yule kijana kando ya ndoo.

Pili, kumbuka tamthilia inavyotengenezwa. Mara nyingi mwandishi anamjua muuaji tangu mwanzo, kisha anarudi nyuma kupanda dalili. Ndiyo maana kila kikombe kilichoanguka kina maana. Uani kwetu vikombe huanguka tu. Zile za CSI, zilizoanza Marekani mwaka 2000, zimetuzoesha kuona majibu ya vinasaba yakirudi kabla sehemu moja haijaisha. Kwetu kipimo hicho kipo, hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini hakiendi kwa mwendo wa runinga, na upelelezi wa kweli unahitaji subira ambayo sisi watazamaji tumeipoteza.

Chagua zinazokaa na waliofiwa. Forbrydelsen ya Denmark, mwaka 2007, ilitumia sehemu 20 kwa mauaji ya binti mmoja, kila sehemu siku moja, na muda mrefu tunakuwa na wazazi wake, watu wa kawaida wenye biashara ya kuhamisha mizigo. Msiba haukatishwi ili tumfukuze jambazi. Wanaopenda mambo ya karibu, Crime and Justice ya Kenya ya mwaka 2021 inatoka kwenye upelelezi na kuingia mahakamani, na hilo ni jema, maana wengi tunadhani kesi huisha mtu akifungwa pingu. Zile zinazomgeuza muuaji halisi kuwa steringi mimi nimeziacha. Ilipotoka ile ya Dahmer, muuaji wa kweli wa Marekani, mwaka 2022, baadhi ya ndugu wa marehemu walilalamika hadharani kwamba hawakuulizwa. Ndugu anakaa sebuleni anaona kilio chake kikiigizwa!

Nyumbani siku hizi tunasimamisha katikati, kila mtoto anataja anachokijua kwa hakika, kisha anachokidhani tu. Orodha ya pili ndiyo ndefu siku zote.

Na ukiibiwa kweli, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nenda kituoni, toa maelezo, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako. Ukimshuku mtu, jina lake limtajie polisi chumbani, si uani mbele za watu.

Nilimfuata yule kijana Tukuyu. Nilimkuta anachambua parachichi, kubwa huku, zilizopigwa kule, wenzake wamemzunguka. Nikamwomba radhi pale pale, wote wakisikia, kwa sababu nilimtuhumu mbele za watu. Akafuta mikono kwenye suruali, akaupokea wangu. "Ndaga, mama," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, akainama tena kwenye kreti.