Kabla Hujaacha Ajira Ukaandike Programu Yako ya Michoro

Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, toa mkataba wako wa ajira kabatini uusome mpaka mwisho. Vijana wanaonifuata kuniuliza habari hizi huja na laptopu, wakanifungulia programu ya michoro waliyoianza usiku usiku, nami swali langu la kwanza huwa moja: hiyo laptopu ni ya nani? Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania, kazi uliyoitunga katika kutimiza majukumu ya ajira ni ya mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Programu ya kuchora pengine haihusiani kabisa na kazi uliyoajiriwa kufanya. Lakini ukiiandikia kwenye mashine ya ofisi, saa za ofisi, umeshampa wakili wao pa kuanzia. Nunua mashine yako, hata ya mtumba.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, ikiwa mkataba haukuweka zaidi. Zitimize zote, na ukabidhi kazi vizuri. Sababu yake nitaieleza. Usijipe moyo na fao la NSSF la kukosa ajira, maana halikutungwa kwa ajili ya mtu aliyeondoka kwa hiari yake. Kiasi gani uwe umeweka akiba? Siwezi kukupangia. Mwenye kulipa ada za watoto na asiyelipa hawawezi kuwa na hesabu moja.

Mimi niliandika mifumo ya ripoti katika kampuni kubwa, na sikuondoka mpaka wachapaji kadhaa wa fulana hapa mjini Mwanza wakawa wananilipa kila mwezi. Hapo ndipo penye ushauri wangu wote, kwa hiyo niruhusu nikae hapo.

Ukisema unataka kuishi kwa programu ya michoro, watu watakutajia Photopea, programu ya kuhariri picha ndani ya kivinjari, iliyoandikwa na mtu mmoja, Ivan Kutskir. Ni kweli, tena inapendeza. Ila Photopea inaishi zaidi kwa matangazo, na matangazo yanataka watazamaji wengi mno, wa dunia nzima. Watakutajia Blender pia, ile ya michoro ya 3D. Kampuni iliyokuwa ikiiendesha ilifungwa mwaka 2002, mwasisi wake Ton Roosendaal akachangisha euro 100,000 ndani ya wiki saba hivi ili programu iachiwe wazi kwa watu wote. Angalia vizuri: aliowachangisha walikuwa tayari wanaitumia na wanaipenda. Wewe uliyekaa Nyakato hujulikani na mtu. Kitu ulicho nacho wewe ni kwamba anayechapa fulana za harusi, za mahafali na za kampeni yuko mjini hapa hapa, kwa nauli ya daladala, na ukimwomba atakuachia kiti ukae umwangalie anavyofanya kazi.

Kaa. Usiende na programu mkononi, nenda na daftari.

Nilidhani ninajua rangi, maana nilikuwa nimesoma hesabu zake zote. Nilijua kwamba kwenye kipimo cha 0 hadi 255 cha sRGB, mfumo wa rangi wa vioo vingi vya kompyuta, nusu ya mwanga haipo kwenye 128, iko karibu na 188. Na kwamba ukichanganya nyekundu na kijani bila kuzingatia jambo hilo, mpaka kati yao unatoka na giza la ajabu. Hayo ni muhimu, na programu nyingi bado zinayakosea. Lakini mchapaji mmoja wa mjini kati, karibu na Makoroboi, aliitazama kazi yangu ya kwanza kwenye fulana nyeusi akasema, "Mdogo wangu, nyeupe yako inachungulia."

Kumbe kwenye kitambaa cheusi huchapi rangi moja kwa moja, zitamezwa. Unachapa kwanza tabaka la wino mweupe, ndipo rangi zinapanda juu yake. Na kwa kuwa skrini, zile fremu za wavu zinazopitisha wino, haziwezi kukaa sawasawa kabisa kila fulana, hiyo nyeupe lazima ipunguzwe kingo kidogo, la sivyo inatokeza pembeni kama shimizi chini ya gauni. Mafundi walikuwa wanalifanya hilo kwa mkono, herufi kwa herufi, kwa kila oda. Programu yangu ikalifanya kwa kubofya mara moja, na mwenye kuchapa ndiye anayechagua nyeupe ipungue kiasi gani, kwa sehemu za milimita. Hicho ndicho walichonilipia. Brashi zangu nzuri, zile nilizozihangaikia mpaka usiku wa manane, hakuna aliyeziulizia.

Halafu kuna vitone. Picha yenye vivuli haichapwi kwenye skrini ilivyo. Inavunjwa kuwa vitone vikubwa na vidogo, na kwenye pamba mistari 45 hadi 55 ya vitone kwa inchi inatosha. Wino husambaa ukigusa kitambaa, kwa hiyo kitone ulichokiona kidogo kwenye kioo kinanenepa kwenye fulana. Programu isiyolijua hilo inatoa sura ya bwana harusi imejaa masizi.

Jambo jingine utakaloliona ukiwa umekaa pale ni mashine zao. Nyingi ni laptopu za zamani zenye gigabaiti nne za kumbukumbu, hazina kadi ya grafiki. Piga hesabu: mchoro wa A3 kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, yaani zaidi ya milioni 17. Kwa baiti nne kila pikseli, tabaka moja ni karibu megabaiti 70. Mteja akiwa na matabaka kumi, na wewe unahifadhi nakala nzima ya kila hatua ili aweze kurudi nyuma, mashine inaganda kabla hajamaliza jina la bibi harusi. Gawa mchoro kuwa vigae vidogo, kisha hifadhi vigae vilivyobadilika tu. Tena viandike kwenye diski papo hapo, kwa sababu umeme ukikatika hautakupigia hodi. Kwangu hii si anasa ya uhandisi. Mteja aliyepoteza kazi ya asubuhi nzima harudi tena kwenye programu yako, hata umpe bure.

Bei? Wengi wa wateja hao wana programu kubwa za kigeni zilizovunjwa kufuli, walizowekewa na fundi kwa hela ya soda. Usishindane nazo kwa bei, huwezi kukishinda kitu cha bure. Toza kwa mwezi, kiasi kidogo, kwa simu, na leseni ifanye kazi bila intaneti. Kuna wanaoniambia wazi kwamba wanalipia kwa sababu nikipigiwa napokea, na ikibidi napanda bodaboda mpaka dukani. Siipendi sana sehemu hiyo ya kazi, lakini ndiyo inayoleta chakula. Sajili jina la biashara BRELA na uchukue TIN mapema. Shule na ofisi zinazonunua zitataka risiti.

Nyumbani, mwambie mwenzako kabla hujamwambia bosi. Wazee watauliza kama umefukuzwa. Baba yangu mdogo aliuliza hivyo mbele ya wageni, nikamjibu hapana, akasema, "Basi wewe ndiye uliyewafukuza." Acha wacheke.

Ugumu wenyewe ni misimu. Kuelekea Nanenane kazi ni nyingi, mabanda ya Nyamhongolo yote yanataka fulana na mabango. Msimu wa harusi nao unalipa. Januari kila shilingi ya mji huu inakwenda kwenye ada na sare, na wachapaji wengine husimamisha malipo ya mwezi bila hata kukuaga. Hapo ndipo zile siku 28 zinapolipa. Ofisi niliyoiacha bado hunipigia wakitaka kurekebisha zile ripoti za zamani, ninafanya kwa mkataba mfupi, na kwa miaka yote niliyojitegemea kodi ya nyumba ya Januari imetoka huko.