Fundi Anajibu: Meno Mazuri, Mpira Mzee

SWALI: Salaam fundi. Nauza nguo hapa Arua na naendesha Toyota Premio. Mwaka jana nilinunua Kampala matairi manne ya mtumba, meno yake karibu mapya. Juzi nikirudi na abiria wanne na mizigo, tulipita Karuma tukielekea Pakwach, jua la saa nane, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Lami pale ni nzuri, hapakuwa na shimo. Nakutumia picha ya ubavu wa tairi. Kwa nini lipasuke na meno yapo? Na kama nina pesa za matairi mawili mapya tu, niyafunge mbele au nyuma? — Mfanyabiashara wa nguo, Arua

JIBU: Pole sana dada, wewe na wenzako. Namshukuru Mungu mko salama. Picha yako nimeikuza mpaka ikajaa kioo cha simu, na jibu liko palepale karibu na kidole chako. Baada ya herufi DOT kuna mfululizo wa herufi na namba, na tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa kwa tairi. Lako linasoma 2214, maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2014. Lilitoka kiwandani mwishoni mwa Mei 2014. Umelinunua likiwa zee, ukalipakia watu na mizigo, ukalipeleka kwenye joto la Pakwach.

Mpira huzeeka hata ukilala stoo. Hewa na joto huufanya mkavu, na gundi inayoshika tabaka za nyuzi za chuma ndani ya tairi inaachia kidogo kidogo. Meno hayawezi kukuonyesha hayo, kwa sababu meno yanapungua kwa kutembea tu. Gari likiegeshwa miaka mingi nje ya nyumba ya mtu huko Japani, matairi yake yatafika hapa na meno yote, yakipakwa dawa nyeusi yanang'aa kama viatu vya mwanajeshi, na muuzaji atakupimia meno kwa sarafu. Baadhi ya kampuni za magari zinashauri tairi libadilishwe likifika miaka 6. Michelin wao wanasema likifikisha 5 lianze kukaguliwa na fundi kila mwaka, na likifika 10 liondoke hata kama linaonekana zima. Kwa nchi yetu na jua letu, mimi nashika hiyo 6.

Matairi ya mtumba yananiuma sana, maana wanaoyanunua ni watu wanaobeba watoto. Kama tayari unayo, fanya hivi. Pinda ubavu kwa vidole gumba viwili utazame kwa karibu: utaona mistari myembamba kama nywele, hasa kwenye mizizi ya meno na pale mpira unapokutana na rimu. Mistari ikiwepo, basi. Kisha mwambie fundi alivue tairi kwenye rimu atie mkono ndani, apapase ubavu wote kwa mzunguko. Akikuta unga mweusi wa mpira, au mkanda uliochubuka unaozunguka tairi lote, hilo liliwahi kukimbizwa bila upepo. Kwa nje halitakuonyesha chochote. Kiraka kwenye ubavu nacho ni sababu ya kulitupa, awe amekuapia nani.

Sasa upepo na mzigo, kwa sababu uzee peke yake haukutosha. Premio yako imevaa 195/65 R15, na mbele yake pameandikwa 91. Hiyo 91 ni uzito, tairi moja libebe kilo 615 na si zaidi, tena likiwa na upepo kamili. Upepo ukipungua, ubavu unakunjwa na kukunjuka kila tairi linapozunguka. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, tairi la saizi yako linazunguka karibu mara 14 kila sekunde. Kunjwa huko ndiko kunakoleta joto, joto linamalizia gundi, na mkanda wa chuma unajitenga. Ndiyo maana matairi mengi hupasuka mchana kwenye njia iliyonyooka, sio kwenye mashimo ya mjini.

Upepo wa gari lako umeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usisikilize kijana wa kompresa anayepiga teke tairi halafu anasema linatosha. Pima asubuhi gari halijatembea, ufuate kibandiko, na kama kina namba ya gari lililojaa, tumia hiyo siku ya safari ya Kampala. Ukipima njiani ukakuta namba imepanda, iache, hiyo ni joto. Ukipunguza pale, ukifika nyumbani na tairi likapoa utakuwa na upepo pungufu.

Kuhusu mawili mapya: yafungwe nyuma. Najua kila fundi wa barabarani atakuambia mbele, kwa kuwa Premio nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele na ndiyo yanayokula meno haraka. Lakini kwenye lami yenye maji, mbele ikiteleza gari linakataa kona, unapunguza mafuta, linarudi. Nyuma ikiteleza gari linazunguka, na dereva wa kawaida halipati tena. Mpira mzuri ukae nyuma. Ila dada, hayo mengine ulinunua pamoja na lile lililopasuka. Soma tarehe zake leo, pamoja na la akiba kwenye buti. Kama nayo ni ya 2014, yazungukie sokoni tu mpaka upate pesa. Kampala nenda kwa basi.

SWALI: Fundi, nina Subaru Legacy. Tairi moja limechanwa na chuma, mengine matatu yana nusu ya meno. Naweza kununua moja tu jipya? — Kijana wa Mbarara

JIBU: Hapana, kijana wangu, kwa Subaru usifanye hivyo. Gari hilo linasukuma magurudumu yote manne, na tairi jipya lina mzunguko mkubwa kuliko lililolika. Tofauti hiyo kila kilomita inasagwa ndani ya gia boksi, kwenye difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma, na kuitengeneza kutakugharimu kuliko matairi manne. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, kama milimita 6. Nunua manne, au umpate anayeuza moja la aina ileile, lenye meno sawa na yako na tarehe isiyozidi miaka 6. Pima kwa futi ya fundi cherehani, uizungushe tairi lote, kisha ulinganishe.

SWALI: Mzee wangu, mimi ni dereva wa spesheli, yaani teksi ya kukodi, Entebbe. Kazi yangu ni uwanja wa ndege na Kampala. Gari langu ni Toyota Allion, petroli inanimaliza. Kuna mtu ananiuzia Nissan Leaf ya 2018, gari la umeme lenye betri ya kilowati-saa 40, anasema inakwenda kilomita 400 ukichaji mara moja. Nimepanga chumba, Yaka (mita ya umeme ya kulipia kabla) ni yangu mwenyewe. Niuze Allion? — Dereva wa Entebbe

JIBU: Mwanangu, swali lako nimelisoma kwa furaha, kwa sababu kazi yako ndiyo hasa gari la umeme linaiweza. Njia moja, mji mmoja, kulala nyumbani kila siku. Wanaoandika kutoka Arua au Kisoro wakitaka Leaf huwa nawaambia wasubiri, na mimi mwenyewe naishi Arua. Huku West Nile kuunganishwa na gridi ya taifa ni jambo la juzi tu, kabla ya hapo tulikuwa na jenereta na mtambo mdogo wa umeme wa maji wa Nyagak. Na kutoka hapa mpaka Kampala ni karibu kilomita 500.

Hizo 400 za muuzaji hakuzitunga. Ndizo Nissan walizotangaza Japani kwa betri ya 40, kwa kipimo chao cha zamani cha JC08, ambacho kila mtu anajua kinapendelea gari. Wamarekani walipima gari hilohilo wakapata maili 151, yaani kilomita 243, tena betri ikiwa mpya. Wewe hesabu pungufu ya hapo. Kwenda Kampala na kurudi ni kama kilomita 80, kwa hiyo utapiga safari mbili na kubaki na akiba, mradi usikimbie. Ukipita njia ya mwendo kasi, mwendo unakula umeme. Kwenye jemu ya Kibuye, ambako Allion inakunywa petroli bure, Leaf haitumii karibu kitu, na ukipunguza mwendo motor inarudisha umeme kidogo kwenye betri.

Tatizo kubwa ni afya ya betri. Leaf ya 2018 haina maji ya kupoza betri, hutegemea hewa tu, na joto ndilo adui yake. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Arizona, jangwani Marekani, walilalamika betri zinazeeka upesi, na mwaka uliofuata Nissan wakaongeza dhamana juu ya jambo hilo. Washa gari utazame skrini ya geji mbele ya dereva, pembeni ya geji ya chaji. Kuna vipande vidogo 12 vya afya ya betri. Kinapopotea cha kwanza, betri imeshapoteza kama asilimia 15. Lakini usiamini vipande peke yake, maana wapo wanaovirudisha kwa kompyuta kabla ya kuuza. Tafuta kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, uweke programu ya LeafSpy kwenye simu, usome asilimia ya afya mwenyewe. Kisha liendeshe kilomita 40 za kweli ulinganishe chaji iliyotumika. Muuzaji akikataa, ondoka.

Nyumbani kwako, soketi ya kawaida ya amperi 13, chaja ikivuta amperi 10, inatoa kilowati 2.4. Betri tupu ya 40 itakaa zaidi ya saa 16. Safari zako za siku moja zitajazwa usiku kucha, lakini waya za nyumba ya kupanga nyingi hazikutandikwa kwa mzigo wa saa nyingi mfululizo. Mlete fundi umeme mwenye leseni atazame waya, breka na athi (waya wa ardhini), na uzungumze na mwenye nyumba kwanza. Usitumie ekstensheni ya dukani, inayeyuka.

Matairi nayo yana hesabu yake. Leaf ina uzito wa kama kilo 1,500, Allion yako ni kama 1,200, na nguvu ya motor inafika barabarani mara unapogusa pedali. Matairi yatalika upesi, kwa hiyo yabadilishane nafasi kila kilomita 10,000 na usikubali yenye namba ya uzito iliyo chini ya ile ya kiwandani. Gari lililotoka Japani huwa pia na skrini yenye maandishi ya Kijapani. Hilo ulitazame kabla ya kulipa.

Usiuze Allion mwezi huu. Pima betri, pima waya za nyumba, na andika kwa mwezi mzima kilomita na petroli za kila siku. Betri ikiwa juu ya asilimia 85 na mwenye nyumba akikubali, nunua. Kumbuka pia kwamba tangu sheria ya 2018 gari la miaka 15 na zaidi haliingizwi nchini, kwa hiyo anayekuletea Leaf za mwanzo kabisa kwa bei ya kutupa, mwulize vizuri karatasi zake.

SWALI: Fundi, niweke upepo wa naitrojeni kwenye matairi ya gari langu la saluni? — Mwalimu, Bombo

JIBU: Mwalimu, hewa tunayovuta ni asilimia 78 naitrojeni tayari. Pesa hiyo nunua geji yako ya kupimia upepo.