Mawaridi ya grinihausi yanatoa mashina mafupi: angalia mkasi kabla ya mbolea

Ndugu uliyeuliza kwa nini mawaridi yako ya Naivasha yanatoa maua mengi ila mashina hayafiki sentimita 40: mbolea iache kwanza. Mwaridi uliovuliwa majani hauna cha kurefushia tawi, na mara nyingi unavuliwa na sisi wenyewe.

Ukivuna, anza kuhesabu pale tawi lilipochipukia. Majani ya chini yenye vijani vitatu yaruke, macho yake (vichipukizi vilivyo kwapani mwa jani) ni dhaifu. Acha mawili yenye vijani vitano, ukate juu ya la pili, kama nusu sentimita juu ya jicho, mkato ukiteremkia upande usio na jicho. Ukiacha kisiki kirefu kitakauka na kuoza kuelekea chini. Ukikata karibu mno, jicho linakufa. Mkasi uwe mkali, na upanguse kwa spiriti kila umalizapo tuta.

Ukikata hivyo kila mara, mmea unapanda juu na matawi yanakonda. Hapo shuka: kata chini ya kifundo cha mkato wa mwisho, kwenye mti mnene. Usishushe grinihausi nzima kwa mpigo.

Matawi membamba na yale yasiyotoa tumba usiyatupe, majani yake ndiyo jiko linalopikia mmea chakula. Yakunje karibu na shina, yalale kuelekea njiani. Kunja alasiri, asubuhi tawi limejaa maji, linakatika pwa! Likipasuka upande mmoja huku gome la upande wa pili limeshika, litaishi. Tumba lolote kwenye tawi lililokunjwa liondoe, la sivyo unafuga thripi, wadudu wadogo wanaoharibu maua.

Machipukizi ya Natal Briar, yaani mwaridi wa mizizi ambao aina yako imebebeshwa juu yake, yanayotoka chini ya kiungo cha kubebeshea yang'oe kwa mkono yakiwa laini. Ukiyakata, macho yanabaki na yanarudi mengi zaidi.

Vitumba vya pembeni vitoe vikiwa kama punje ya dengu, kwa kuvisukuma upande. Ukichelewa, kovu linaonekana sokoni.

Masalia yote yatoke siku hiyohiyo. Usiku wa baridi umande hutua kwenye petali, na ugonjwa wa ukungu wa kijivu hauhitaji zaidi ya hapo. Fungua mapazia ya grinihausi mapema asubuhi unyevu utoke.

Na kama unalenga soko la 14 Februari, Siku ya Wapendanao, kata mapema Desemba, maana kutoka mkato hadi ua ni wiki saba hadi tisa kutegemea aina na baridi. Gawanya kazi kwa siku kadhaa, maua yasije yakafunguka yote pamoja.