Besi kwenye daladala kwa elfu 25

SWALI: Shikamoo dada, nina elfu 25 tu, nataka hedfoni nikipanda daladala nisikie besi fresh, nichukue za bluetooth au za waya? Msomaji, Mbagala.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, za waya, kwa hela hiyo za bluetooth nyingi unalipia betri na chaji, sauti inapata kilichobaki. Tafuta za kuziba sikio zenye vimpira vya saizi tofauti na uvijaribu vyote, maana kimpira kikipwaya besi yote inavujia nje, mi sikio la kushoto navaa kikubwa la kulia cha kati, usicheke. Halafu MP3 ya 128 kbps (kbps ni kiasi cha data ya wimbo kwa sekunde, kikiwa kidogo sauti inapungua ubora) hata ukiibadilisha kuwa 320 haiwi nzuri, ilichopoteza kimeenda, itafute upya. Simu haina tundu la waya? Tenga kwanza hela ya adapta.