Ulinzi shirikishi: maswali yenu kuhusu pesa, zamu na rungu

Wiki hii maswali mengine nimeyaweka kando. Ujumbe mwingi mlionitumia unahusu mitaa ambako wenye nyumba na wenye maduka wanachanga ili vijana wafanye doria usiku. Jambo hili liko moyoni mwangu. Nimekuwa mweka hazina wa kamati ya ulinzi ya mtaa wetu kwa miaka minne, na nimeona namna fedha hizo zinavyoweza kuokoa mtaa na namna zinavyoweza kuugombanisha.

Mama, shikamoo. Mtendaji amekataa kunipa barua ya utambulisho kwa sababu nadaiwa ulinzi wa miezi mitatu. Barua naihitaji benki. Ana haki hiyo? (Mpangaji, Tabata)

Marahaba, mwanangu. Hana. Barua ile ni huduma ya ofisi ya umma kwa mkazi, na mchango wa ulinzi ni makubaliano ya majirani. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo ikathibitishwa na halmashauri ya wilaya, lakini mtaa wa mjini hauna mamlaka hayo. Kilichoamuliwa kwenye mkutano wa mtaa kinakubana kama ahadi inavyombana mtu mzima, hakikubani kama kodi. Nenda kwa mtendaji wa kata, mweleze kwa utulivu.

Halafu rudi ulipe deni lako. Vijana wale wanapita mlangoni kwako pia. Kama hali ni ngumu, omba kuingia zamu: ipo mitaa ambako asiye na elfu tatu anatoa usiku wake mmoja kwa mwezi, na heshima yake inabaki palepale.

Tuna maduka kumi na moja, kila moja linatoa 30,000 kwa mwezi. Nyumba themanini zinatoa 2,000, nyingine hazitoi kabisa. Tukisema walinzi wakae kwenye fremu zetu tunaitwa wabinafsi. Kosa letu nini? (Mwenye duka la jumla, Kahama)

Nimepiga hesabu yenu. Maduka yanaleta 330,000, nyumba 160,000. Theluthi mbili ya mfuko ni yenu, na uchungu wenu nauelewa. Hata hivyo, wanaokataa wana sababu, na nitawapa ya kwetu.

Kwetu mambo yalianza hivyohivyo. Wenye maduka walitoa zaidi, basi taratibu doria ikawa inaishia kwenye barabara ya maduka. Hakuna aliyeamua. Kule kuna taa, kuna kibaraza cha kujikinga mvua, na kuna mwenye duka anayewaachia vijana chai. Usiku mmoja wezi wakaingia kwa mama mjane upande wa mtoni, wakabeba televisheni, majiko na cherehani aliyokuwa akilea nayo wajukuu. Alipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Walinzi wote wanne walikuwa barazani, mita mia sita kutoka kwake. Mama yule alikuwa hajawahi kukosa mchango wake hata mwezi mmoja. Daftari lilikuwa mikononi mwangu, nilijua. Sijawahi kuona aibu kama ya asubuhi ile nilipokwenda kumpa pole.

Tangu hapo tulitenganisha lindo na doria. Anayetaka mtu akae mbele ya duka lake mpaka alfajiri anataka lindo: aajiri mlinzi wake, amlipe mwenyewe. Mfuko wa mtaa unalipa doria, na doria inatembea. Lakini haja ya wenye maduka tuliizingatia pia. Saa yao ya hatari ni ya kufunga, wakala wa pesa za simu anapotoka na fedha ya siku nzima. Kwa hiyo doria yetu huanzia madukani saa mbili na nusu usiku mpaka shata la mwisho lishuke, kisha inaingia vichochoroni. Jaribuni hivyo, na mpange iwe kwa maandishi.

Ninyi wa Kahama mna urithi mkubwa kuliko sisi wa Pwani. Sungusungu, vikundi vya wanakijiji vya kujilinda, walianzia huko Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi baada ya Vita vya Kagera. Yowe likipigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kiliinuka, hata kama ng'ombe walioibwa si wao. Nadhani wazee wenu bado wanalikumbuka hilo. Waulizeni.

Mwenyekiti anakusanya michango kwenye namba yake ya simu. Tukiuliza matumizi anasema hatumwamini. Tufanyeje? (Fundi cherehani, Mwanza)

Msimtukane, wala msinyamaze. Kuuliza hesabu si kumwita mtu mwizi. Hata mwenyekiti mwadilifu anaingia matatani fedha ya mtaa ikichanganyika na ya mboga yake, maana siku atakayotakiwa kuonyesha salio hataweza.

Ombeni mambo haya kwenye mkutano wa mtaa, yaingie kwenye muhtasari. Mweka hazina awe mtu mwingine, asiwe mwenyekiti. Kikundi kiandikishwe halmashauri kifungue akaunti yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa mfanyabiashara na mmoja mwenye nyumba. Kila anayetoa apewe stakabadhi, hata akitoa 500. Na kila mwisho wa mwezi karatasi moja ibandikwe ofisini: kimeingia kiasi gani, walinzi wamelipwa kiasi gani, betri za tochi kiasi gani, kimebaki nini. Sisi tulipoanza kubandika karatasi ile, watu waliokuwa hawajalipa mwaka mzima walikuja wenyewe. Wengi hawakuwa wagumu, walikuwa hawajui fedha inakwenda wapi.

Msibandike majina ya wadaiwa. Tulifanya hivyo mwezi mmoja, na nyumba mbili hazisalimiani mpaka leo.

Naendesha bodaboda. Wanaojiita sungusungu wananisimamisha saa sita usiku, wanataka kitambulisho na buku mbili. Nikikataa wananitishia rungu. (Mbagala)

Kijana wangu, hiyo buku mbili haina jina jingine zaidi ya kunyang'anywa. Kikundi cha ulinzi hakina mamlaka ya kuweka saa za kutotoka nje wala kutoza faini barabarani. Kukuuliza unakwenda wapi, kwa adabu, ni sawa, nawe jibu kwa adabu. Kudai pesa ni kosa. Andika saa na mahali, peleka kwa polisi wa kata yenu na kwa mwenyekiti. Ukiweza nenda na wenzako wa kijiweni, sauti moja hupuuzwa.

Nanyi mnaochanga Mbagala, fuatilieni. Mtu anayemnyang'anya bodaboda anafanya hivyo amevaa koti mlilomnunulia.

Tukimkamata kibaka, watu wanataka kumpiga kwanza. Wanasema polisi watamwachia kesho. Sisi walinzi tufanye nini? (Morogoro)

Mkingeni. Najua ninachowaomba, kusimama kati ya umati wenye hasira na mtu aliyeiba, na najua ni kigumu. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo likawatambua sungusungu, lakini halikumpa mtu yeyote ruhusa ya kuhukumu. Mwananchi akimkamata mtu anatakiwa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Katiba yetu, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, na inakataza kuteswa. Akifia mikononi mwenu, ninyi ndio mtakaofunguliwa kesi ya mauaji, na waliokuwa wakipiga kelele za "mwueni" watakuwa wamelala majumbani kwao.

Wawili wamshike, mmoja apige 112, mwingine aandike majina ya mashahidi palepale. Kesi nyingi zinakufa kwa sababu hakuna aliyekubali kwenda kutoa ushahidi. Mfuko wa mtaa ulipe nauli ya shahidi kwenda mahakamani. Hiyo ndiyo dawa ya "watamwachia kesho".

Huku kwetu Kenya tuna Nyumba Kumi. Ni kitu kimoja na hicho chenu? (Kisauni, Mombasa)

Ni ndugu. Nyumba Kumi yenu ilitangazwa 2013, baada ya shambulio la Westgate, na jina lilitoka kwenye mashina ya nyumba kumi kumi ya TANU, chama kilichotawala huku kwetu, ya miaka ya 1960. Lengo lake ni majirani kujuana na kupashana habari. Mkitaka kuajiri walinzi wa usiku, shirikisheni chifu na kituo cha polisi kwanza, na mfuko wake uwe mbali na mambo ya Nyumba Kumi.

Tunataka kufunga mtaa kwa geti kuanzia saa nne. Inaruhusiwa? (Arusha)

Si kwa uamuzi wenu peke yenu. Barabara ni ya umma, ombeni kibali halmashauri. Mkikipata, mwenye ufunguo awepo getini usiku kucha. Gari la zimamoto au mama mwenye uchungu hawezi kusubiri mtu aamshwe.

Mama, mimi ni mlinzi wa mtaa. Mwezi uliopita nilikatwa panga mkononi nikifukuza wezi. Walinipa pole ya 20,000. Matibabu nimejilipia. Nilipaswa kudai nini? (Dar es Salaam)

Pole sana, baba. Swali lako nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi.

Kama hukuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, siku ile, nenda polisi na vyeti vyako vya hospitali, tukio liandikwe. Kisha peleka risiti zote kwa kamati, kwa barua, ubaki na nakala. Wengi wenu mnalipwa posho bila mkataba, hivyo hakuna bima inayowafuata, na kamati nyingi hazifikirii jambo hilo mpaka damu imwagike. Ninyi wenye maduka na nyumba mnaosoma hapa, pigeni hesabu upya kabla ya mwezi kuisha: buti, koti la mvua, tochi, filimbi, na fungu la matibabu lisiloguswa kwa kazi nyingine. Mkiona haitoshi kwa walinzi wanne, wawe watatu wanaotibiwa.

Baba, nitumie jina la mtaa wako. Nitampigia mwenyekiti wenu mwenyewe.