Mali Iliyozuiliwa Bado Ina Mwenyewe

SWALI: Ndugu mwandishi, tangu mwaka 2022 tunaambiwa kwamba fedha za Benki Kuu ya Urusi zimezuiliwa Ulaya. Ikiwa zimo mikononi mwao, kwa nini wasizichukue moja kwa moja na kuzitumia kuijenga upya Ukraine? Ni sheria inayowakataza, au ni woga tu?

JIBU: Ndugu msomaji, woga upo, lakini sheria ndiyo inayotangulia. Kuzuia mali ni kumnyima mwenyewe nafasi ya kuitumia. Kuitwaa ni kumvua umiliki wenyewe. Mali ya benki kuu ya nchi nyingine inalindwa na kinga ya dola, yaani desturi ya kimataifa kwamba nchi moja haiwekwi chini ya mahakama za nchi nyingine, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2004 kuhusu kinga hiyo, ambao bado haujaanza kutumika, unaitaja mali ya benki kuu waziwazi. Wanaotetea kuzuia husema kwamba nchi iliyovunja sheria ya kimataifa inaweza kuchukuliwa hatua za kuibana. Hoja hiyo ina nguvu, ila hatua za namna hiyo zinatakiwa, kadiri inavyowezekana, ziwe za kutenguka pale mkosaji anapojirudi. Fedha iliyokwisha kutumiwa hairudi.

Tazama hatifungani moja tu, yaani hati ya mkopo yenye siku ya kulipwa, iliyonunuliwa na Benki Kuu ya Urusi na kuhifadhiwa katika taasisi ya Euroclear, mjini Brussels. Siku ya kuiva inapofika, aliyekopa hulipa kama kawaida na fedha huingia, lakini haiwezi kutoka kwa sababu ya vikwazo. Euroclear huiwekeza na kupata riba, huku ikiwa haina wajibu wa kumlipa mteja riba hiyo. Mwezi Mei 2024 Umoja wa Ulaya ulisimama hapo hapo: uliamua kuchukua sehemu kubwa ya faida hiyo kwa ajili ya Ukraine bila kugusa mtaji, ambao kwa Ulaya nzima unakadiriwa kuwa euro bilioni 210. Mwezi uliofuata, nchi za G7, yaani kundi la nchi saba tajiri, zilikubaliana juu ya mkopo wa dola bilioni 50 unaolipwa kwa faida ya namna hiyo. Kwa maoni yangu hiyo ni njia ya kisheria yenye uangalifu, japo najua kwamba kwa mtu aliyebomolewa nyumba inaonekana ya polepole mno.

SWALI: Je, hakuna nchi iliyowahi kutwaa kabisa?

JIBU: Ipo. Mwezi Machi 2003 Rais George W. Bush alitwaa takriban dola bilioni 1.7 za Iraki, kwa kuwa sheria ya Marekani inamruhusu rais kufanya hivyo nchi inapokuwa katika mapigano ya silaha. Kwa Urusi sharti hilo halikutimia, ndiyo maana Bunge la Marekani lilipitisha sheria mahususi mwezi Aprili 2024.

Mahakama nazo hazikwenda njia moja. Mwezi Februari 2023 jaji wa New York aliwakatalia waathirika wa mashambulizi ya Septemba 11 kulipwa kutoka fedha za Benki Kuu ya Afghanistan, na mimi naona alitenda haki, kwani akiba ile ni ya wananchi ambao hawakuwachagua Taliban. Lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu takriban dola bilioni 1.75 za Benki Kuu ya Iran ziwaendee waliodhurika na ugaidi. Iran ilishtaki mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwezi Machi 2023 majaji wakasema hawana mamlaka ya kusikiliza sehemu inayoihusu benki hiyo, kwa sababu mkataba wa mwaka 1955 kati ya Iran na Marekani ulilinda kampuni, na benki kuu si kampuni. Kwa hiyo swali lako, katika mahakama ile, lilibaki bila kujibiwa.